Nyuki Hawapendi Sabuni

Nyumbani kwetu sabuni iliondoka bafuni kila mwezi wa tano. Hakuna aliyetangaza. Mvua zilikuwa zimekwisha, nyasi za pembeni mwa barabara ya Rungwa zimeanza kugeuka rangi ya kamba kuukuu, na asubuhi moja nilikikuta kile kipande cha sabuni kimehamishiwa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mjomba hawezi kukigusa kwa bahati mbaya. Hapo nilijua msimu wa asali umefika, na mjomba ameanza kuoga maji matupu.

Nyuki hawapendi harufu. Kwetu mtoto hulijua hilo kabla hajajua kusoma. Anayejiandaa kwenda kurina asali haogi sabuni, hapaki mafuta, hali kitunguu, hagombani na mtu, na kama ana mke hulala mkeka wake peke yake. Wanasema nyuki humsoma mtu tangu akiwa chini ya mti, na mmoja mwenye harufu ngeni huwaponza wote alioongozana nao. Siku hizi wapo wanaovaa mavazi meupe ya kujikinga, na kofia zenye wavu, na bado hawagusi sabuni.

Mjomba ni mdogo wake mama, kitinda mimba. Alikuwa anaishi nasi katika chumba cha uani, katika mji wetu mdogo ulio kwenye barabara inayotoka Itigi kwenda Rungwa. Ni mrefu, ana mikono iliyozidi mahitaji ya mwili, na anapopanda mti huonekana kama mtu anayerudi mahali alipokuwa amesahau kitu. Mizinga aliachiwa na babu: magogo yaliyochongwa na kutobolewa, yametundikwa juu ya miyombo ndani ya pori, mwendo wa kutwa nzima kwa baiskeli. Mke alikwisha rudi kwao. Shamba lilikuwa la dada yake. Ukimuuliza mtu wa mji wetu kuhusu mjomba, atakwambia mambo mawili tu, kwamba ni mrina asali na kwamba ni mgonjwa, na mpangilio wa hayo mawili ulitegemea msimu.

Ugonjwa ulipomshika, kwanza usingizi ulikatika. Kisha alianza kuwajibu watu ambao sisi hatukuwaona, kwa heshima, kama mtu anayeulizwa njia. Halafu heshima ilikwisha. Mwaka mmoja alitembea pekupeku barabarani akisimamisha malori na kuyauliza yamembeba nani. Mwaka mwingine wanaume wa jirani walimfunga kwenye nguzo ya baraza. Walitumia kamba iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa kamba yake mwenyewe ya kupandia miti. Nakumbuka wakati wanaifunga alilitazama fundo, akasema, “Mmelifunga vibaya. Hilo litateleza.” Likateleza.

Mama alimpeleka kila mahali ambako watu hupelekana. Upande wa Ikungi kulikuwa na mganga aliyesema kuna mti mmoja porini wenye wenyewe, na mjomba ameuparamia bila kubisha hodi. Kanisani walimwekea mikono juu ya kichwa hadi akaumwa shingo. Mwisho walimpeleka Dodoma. Kwetu ukisema fulani amepelekwa Dodoma, sentensi imekwisha, hakuna anayeuliza kufanya nini. Alirudi amenenepa, anaongea taratibu, ana vidonge na maelekezo ya kuhudhuria kliniki ya afya ya akili katika kituo chetu cha afya. Mama akawa anamwekea vidonge asubuhi kwenye kisosi, pembeni ya kikombe cha uji. Miezi ikapita vizuri. Mjomba alifyatua matofali, alifundisha watoto wa jirani kusokota kamba, alicheka kwenye msiba mahali ambapo kila mtu alitaka kucheka.

Kisha msimu wa asali ulifika, akaenda porini mzima, akarudi mgonjwa.

Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Na mwingine. Hapo familia ilipata jibu ambalo kila mmoja alilielewa kwa njia yake. Mganga alikuwa amesema ni mti. Watu wa kanisani walisema pori ni mahali pa upweke na upweke una wakazi wake. Mama hakusema, ila alianza kulitazama pori, ule mstari wa kijani kilichofifia nyuma ya mji, kama mtu anavyomtazama jirani aliyewahi kumwibia.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimerudi nyumbani kukaa miezi michache. Sabuni ilikuwa imekwisha kupanda juu ya kabati. Mama alikuwa anapepeta uwele uani, mjomba amekaa kwenye kinu kilicholazwa, anakagua kamba zake.

“Mwaka huu huendi,” mama alisema.

Mjomba aliendelea kuvuta kamba kati ya vidole. “Nani atakwenda?”

“Hakuna. Mizinga haina miguu, itakungoja.”

“Mizinga inangoja, dada. Nyegere hangoji.”

“Basi nyegere ale. Yeye ana akili zake zote.”

Mjomba alicheka. Hakukasirika, kwa sababu mrina asali hagombani msimu ukiwa umekaribia. Lakini aliendelea na kamba, na mama aliendelea na ungo, na ilikuwa wazi kwamba kila mmoja amekwisha amua. Mzee wa kambi, yule anayeongoza kundi lao porini, alikuwa ametangaza kwamba wataondoka mwezi ukiandama.

Siku chache baadaye nilitoka kuoga, nikaenda kukaa karibu naye. Akanyoosha mkono wake mrefu kunizuia.

“Kaa huko huko, mjomba.” Aliniita hivyo, kama nami nilivyomwita. “Unanuka duka zima.”

“Ni mafuta tu haya.”

“Nyuki hajui mafuta tu. Ukinigusa wewe, nimekwisha. Mimi hata vidonge nimeviacha.”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Vidonge gani?”

“Vya dada. Vinatoka kwenye jasho, hujui? Ukivimeza wiki moja, shati lote linanuka dawa.”

“Umeviacha lini?”

“Nilipoacha sabuni.”

“Mwaka huu tu?”

Alinitazama kwa subira ya mtu anayeulizwa kama kila mwaka kuna kiangazi. Akanieleza. Mara ya kwanza kwenda porini baada ya Dodoma alikwenda akiwa anameza vidonge, na nyuki walimtoa juu ya mti hadi akaiacha kamba na kuteleza na shina, ngozi ya kifua ikabaki kwenye gome. Akatafuta kilichobadilika mwilini mwake. Kilikuwa kimoja, na vidonge vilivyobaki akavitupa huko huko porini. Tangu hapo, msimu ukikaribia, anachukua vidonge kwenye kisosi, anasema asante, anatoka na uji wake nje, na vidonge vinakwenda shimo la taka.

“Mbona hukusema?”

“Kusema nini? Kuna anayetangaza kwamba ameacha sabuni?”

Sikuona hila usoni mwake. Kwake vidonge vilikuwa kwenye kundi moja na mafuta na vitunguu, vitu vinavyowekwa kando kwa muda ili mtu afanye kazi yake. Nilimtazama macho. Chini yake kulikuwa na weusi mpya, na nikakumbuka kwamba asubuhi mbili mfululizo nilikuwa nimemkuta ameshafagia uwanja kabla majogoo hawajamaliza kuwika.

Nilimwambia mama jikoni. Alikuwa anasonga ugali na hakuacha, kwa kuwa ugali hauachwi katikati. Alipoipua chungu alikaa kwenye kigoda.

“Kwa hiyo si pori,” alisema.

“Sidhani.”

“Miaka yote hii nimelichukia bure.”

Kisha akalitazama jambo lenyewe, na mimi nikaliona likimfikia. Kumzuia mjomba asiende kusingesaidia. Angeondoka alfajiri, bila dawa, na safari hii bila kuaga. Kumshurutisha ameze kungemfanya ajione ameuawa na kuachwa amesimama, mrina asali asiyeweza kuisogelea mizinga yake. Akiwa na vidonge hana nyuki. Akiwa na nyuki hana vidonge, na baada ya muda hana hata sisi.

“Kesho kutwa ni siku ya kliniki,” mama alisema. “Daktari wa wilaya anakuja.”

Mjomba alikubali kwenda kwa urahisi uliotushangaza. Alioga maji matupu akavaa shati safi lililofuliwa bila sabuni, ambalo maana yake ni shati lililoloweshwa. Benchi la kliniki lilikuwa na watu wa kawaida wa benchi lile: msichana aliyefunika uso kwa khanga, mwanamume aliyekuja na mama yake mzee, na mama yake ndiye aliyeongea. Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke wa Kiomboi, mfupi, mwenye Kiswahili kilichopita kwanza kwenye Kinyiramba, na aliwaita wanaume wote kaka. Mama alianza kueleza. Muuguzi akamsikiliza sentensi mbili, kisha akamgeukia mjomba.

“Kaka, nieleze mwenyewe. Mambo ya nyuki yalivyo.”

Mjomba alimweleza kuhusu sabuni, mafuta, kitunguu, mke, ugomvi, vidonge. Muuguzi hakucheka wala kutikisa kichwa.

“Na usingizi?”

“Umepungua.”

“Na wale watu?”

Mjomba alitazama dirisha. “Wameanza kupita. Hawajaingia.”

Muuguzi aliingia kwa daktari, wakakaa humo kwa muda, kisha wakatuita. Daktari alisema ipo njia nyingine, sindano ya kila mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Inakaa mwilini ikifanya kazi polepole. Mtu anaweza kukaa porini wiki tatu bila kubeba kitu. Ina matatizo yake pia: inaweza kuleta kutetemeka kwa mikono, kukakamaa, mdomo kukauka, uzito. Hawamfungi, alisema. Kama hataki sindano, kuna vidonge vya aina nyingine, na kuna kuja kuongea na muuguzi kila wiki, na vyote viwili vinaweza kwenda pamoja.

Mjomba aliuliza swali moja. “Inatoka kwenye jasho?”

Daktari alimtazama muuguzi.

“Kaka, nyuki siwajui,” muuguzi alisema. “Siwezi kukudanganya. Mimi nimeshika dawa hizi tangu nimeanza kazi na sinusi kitu, lakini mimi si nyuki. Kule kambini nani anaamua nani ananuka?”

“Mzee wa kambi.”

“Anaujua ugonjwa wako?”

“Nani asiyeujua?”

“Dawa je?”

“Hapana.”

“Unataka aambiwe?”

Mjomba alifikiri. “Aambiwe,” alisema. “Yeye ndiye mwenye pua.”

Alikubali, akachomwa sindano siku ile. Muuguzi alimwambia asipande mti hadi arudi amwone mikono, na akampa vidonge vya kuzuia kutetemeka. Njiani mjomba alitembea akiegemea upande mmoja, akijinusa kwapa kila baada ya hatua kadhaa.

Kwa mzee wa kambi tulikwenda watatu. Tulimkuta amekaa juu ya gogo ambalo alikuwa analichonga kuwa mzinga, makapi mekundu ya mbao yamemzunguka miguu.

“Shikamoo, mzee,” tulisema, mmoja baada ya mwingine.

“Marahaba, marahaba. Mama, umeniletea mgonjwa au mrina asali?”

“Nimeleta mdogo wangu,” mama alisema.

Mzee aliitikia jibu hilo kwa kichwa. Mama alimweleza yote. Mzee aliweka tezo chini, akasimama, akamshika mjomba shingoni kama anayekagua ndama, akavuta hewa kwa pua mara mbili.

“Ananuka moshi na uvivu.”

“Ule mwaka walinila kwa sababu ya dawa, mzee,” mjomba alisema.

“Ule mwaka gani?”

“Nilioteleza na mti.”

Mzee aliketi tena. “Kijana, ule mwaka ulifungua mzinga moshi haujaingia. Mimi niko chini nakwambia ngoja, ngoja. Ukanijibu kwamba nimezeeka naogopa. Umesahau?”

Niliona mjomba anaitafuta siku ile, na anaipata, na haimpendezi.

“Hata hivyo,” mzee aliendelea, “mimi siwapeleki watu porini kwa maneno. Kule akinuka mmoja, wanaumia wote. Pale shambani kwangu kuna mzinga. Mwezi ukikaribia kuandama, aje aurine. Wakimkubali, tunaondoka naye. Wakimkataa, atabaki kufyatua matofali, na asinune.”

Hivyo siku zilizofuata tuliishi tukisubiri mambo mawili, dawa na nyuki. Dawa ilitangulia. Usingizi ulimrudia mjomba taratibu, kwanza kidogo, kisha mwingi mno, hadi alilala mchana kwenye jua mdomo wazi. Ulimi ulikuwa mzito. Alilalamika kwamba chakula kina ladha ya karatasi. Alipokwenda kuonyesha mikono, muuguzi alimwambia ainyooshe na kutanua vidole, akaitazama kwa muda mrefu, akasema panda, lakini mti mfupi, na mtu awe chini. Nilimuuliza mjomba kuhusu wale watu waliokuwa wanapita. Alisema amebaki mmoja. “Hana neno,” alisema. “Anapita tu na mzigo wake.”

Jioni ya mzinga tulikwenda jua likiwa limeshuka usawa wa miti. Mama hakukaribia. Alisimama kwenye njia, mkono mmoja umeshika mwingine. Mti ulikuwa wa kimo cha nyumba mbili, na mzinga umelala kwenye panda ya matawi. Mzee alikuwa chini na ndoo iliyofungwa kamba. Mjomba aliwasha mwenge wa magome, akaupuliza hadi ukatoa moshi mnene, akazungusha kamba kwenye shina na kiunoni, akafunga fundo, akalivuta, akapanda.

Alipanda polepole kuliko zamani. Alipofika aliingiza moshi, akangoja. Mzee chini hakusema neno. Mjomba akaongeza moshi, akangoja tena, kwa muda ambao hata mimi nisiyejua nyuki niliona ni mrefu. Kisha akautoa mfuniko.

Walitoka. Sauti yao ilibadilika kutoka ya ndani kwenda ya nje. Nilimwona mjomba akivuta bega mara moja, kisha mkono ukaingia kwenye mzinga, ukatoka na sega, ukaingia tena. Alifanya kazi bila haraka, akiacha masega ya watoto wa nyuki na ya akiba yao, kama inavyotakiwa. Chini, mzee alianza kujipiga kofi kichwani. Akajipiga shingoni. Akaikimbia ndoo, akarudi, akajipiga sikio, akasema neno la Kinyaturu ambalo sitaliandika.

Mjomba alishuka. Alikuwa amedungwa kifundo cha mkono na shavuni. Alichomoa miiba kwa ukucha.

“Wamekufanyaje?” mzee aliuliza. Sikio lake lilikuwa limeanza kuvimba na mdomo wa juu ukielekea huko huko.

“Kawaida.”

Wakatazamana.

“Mzee,” mjomba alisema, “wewe unameza dawa gani?”

Mzee alitazama ndoo, kisha njia, kuhakikisha mama yuko mbali. “Mchana mama watoto alitia kitunguu kwenye mboga,” alisema. “Niliona aibu kumwachia bakuli.”

Mjomba alicheka hadi akashika mti. Mama, aliyekuwa hajasikia, alianza kuja haraka, kwa kuwa kwa miaka mingi kicheko cha mjomba cha peke yake kilikuwa habari mbaya. Alipofika na kumkuta mzee naye anacheka kwa mdomo uliopinda, alisimama. Alipewa kipande cha sega akakaa nacho mkononi, asali ikimshuka hadi kiwikoni.

Waliondoka mwezi ulipoandama. Nilikuwepo mzee alipowasomea masharti, wamesimama kila mtu na baiskeli yake. Sabuni hapana. Mafuta hapana. Ugomvi hapana. Kitunguu hapana, na mjomba akatazama pembeni. “Na huyu,” mzee alisema, akimwonyesha kwa kidevu, “sindano yake ikifika anarudi mjini, hata kama mzinga uko wazi. Asipokumbuka, anayemwona amkumbushe. Asiyemkumbusha atachota maji ya kambi nzima.” Hakuna aliyeuliza. Lilikuwa sharti kama mengine.

Alirudi siku aliyotakiwa. Mama alikuwa amekwenda kituoni mapema, nami nikamfuata na chakula. Mjomba alikuwa kwenye benchi na nguo za wiki tatu za moshi, nta, majani, jasho na asali iliyochacha. Watu walikuwa wamesogea, benchi zima limejaa upande mmoja, na msichana wa khanga alikuwa amejifunika hadi macho. Mjomba alikaa katikati ya nafasi yake, mikono mirefu imelala magotini, imetulia isipokuwa kidole kimoja.

Muuguzi alifungua mlango, akasita, akaenda kufungua dirisha.

“Kaka, karibu,” alisema. “Nyuki wamekukubali?”

“Wamenikubali. Tatizo ni watu.”

Alipotoka, akiegemea upande mmoja, mama alimpa bakuli. Alilinyanyua hadi puani.

“Hakina kitunguu,” mama alisema.

Alikula amesimama, akarudisha bakuli, akasema asante. Jua lilikuwa bado juu. Akaipanda baiskeli taratibu, akaelekea barabara ya Rungwa, kamba imezungushwa begani. Mama alimtazama hadi alipoingia kwenye ule mstari wa kijani kilichofifia, kisha akaniuliza kama bado tuna uwele wa kutosha.